Kwa nini Dodoma kiangazi ukigusa mlango wa gari unapigwa shoti, na Dar hakuna?

#1 MhamiajiDom
Wakuu, habari.
Nilihamia Dodoma kikazi mwishoni mwa masika nikitokea Dar. Tangu kiangazi kishike, kila nikishuka kwenye gari na kugusa mlango napigwa shoti, tena inalia "ta!". Usiku nikivuta blanketi la manyoya gizani naona vicheche. Juzi nimepeana mkono na mwenzangu ofisini, tukaruka wote wawili.
Fundi wa umeme wa magari ananiambia betri inavujia kwenye bodi, anataka kufumua waya zote. Lakini gari ni hilihili nililokuwa nalo Dar na halijawahi kunifanyia hivi. Mimi naona kitu kiko kwenye ardhi ya huku. Wenyeji mnasemaje?

#2 Nzuguni_Kwetu
Karibu Dom mkuu. Kwanza hela ya fundi ibaki mfukoni. Betri ya gari ni volti 12; mikono ikiwa mikavu hata ukishika nguzo zote mbili husikii kitu. Hicho kinachokupiga ni umemetuli, yaani umeme unaojikusanya juu ya kitu au mwilini na kutulia hapo, bila waya wala betri. Huku kila mtu anaujua, kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba zianze.

#3 Mtoto_wa_Pwani
Mimi mwaka wangu wa kwanza huko nilidhani nimerogwa na mwenye nyumba. Kila nikishika geti lake, shoti. Geti halina hata waya!

#4 Ticha_Kongwa
Naomba niweke msingi, maana hii ndiyo mada ninayofundisha kidato cha pili na naipenda sana.

Kila kitu kimejaa chaji za aina mbili, chanya na hasi. Zikiwa sawa kwa kiasi, kitu hakionyeshi dalili yoyote. Vitu viwili tofauti vikigusana kisha vikaachana, chaji kidogo huhama. Kwenye mfano wa darasani tunasema ni elektroni, chembe ndogo sana zenye chaji hasi: aliyezipoteza anakuwa chanya, aliyezipokea anakuwa hasi, kwa kiasi kilekile. Hakuna chaji iliyoumbwa hapo wala iliyopotea. Za aina moja husukumana, za aina mbili huvutana. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb ndiye aliyetoa kanuni ya nguvu hiyo mwaka 1785: umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu inashuka hadi robo.

Sasa njoo kwenye gari. Umekaa kwenye kiti cha kitambaa cha polista umevaa suruali ya mchanganyiko. Ukinyanyuka, nguo na kiti vinaachana, chaji moja inabaki kwenye kiti, nyingine unashuka nayo wewe. Viatu vyako soli ni ya mpira, kwa hiyo haina pa kwenda. Inakaa mwilini mpaka kidole kikaribie chuma, hapo ndipo inaruka.

Dar chaji zinahama vilevile, ila hazidumu mwilini. Nilianza kazi Tanga, na jaribio la kusugua kalamu kwenye nywele na kuokota vikaratasi lilikuwa linanigomea, hasa masika. Kongwa mwezi wa saba vikaratasi vinarukia kalamu kabla haijavigusa, na darasa zima linapiga kelele.

#5 BahiYetu
Ticha umeeleza vizuri ila umeruka jambo kubwa. Ardhi ya huku ina urani. Bahi na Manyoni walikuja watu na mitambo kupima, kila mtu anajua. Urani ina mionzi, mionzi ina umeme. Kwa nini shoti ziwe kanda ya kati na si Pwani?

#6 Mwamba_Mgumu
@BahiYetu urani kwenye maeneo hayo ipo kweli na utafutaji ulifanyika. Lakini mionzi inafanya kazi kinyume na unavyodhani. Inapopita hewani inabomoa molekuli za hewa na kuacha ioni, yaani chembe zenye chaji, na ioni hizo ndizo zinazokimbilia kitu chenye chaji na kukizima. Kuna brashi maalumu zenye poloniamu-210, kitu cha mionzi hasa, zinazotumika maabara kuondoa umemetuli kwenye mizani na filamu. Mionzi ya ardhini ingekuwa mikali kiasi hicho, Bahi ndiyo ingekuwa na shoti chache kuliko kote.

#7 BahiYetu
Hujanijibu kwa nini Bahi ni kali kuliko mjini.

#8 Kilimani_Juu
Mnasahau mwinuko. Dodoma tuko kama mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi. Usawa wa bahari cheche inahitaji kama volti 3,000 kwa kila milimita ya hewa ili iruke. Hewa ikipungua, inaruka kirahisi zaidi.

#9 Nzuguni_Kwetu
@Kilimani_Juu Arusha mjini iko mita 1,400 na nimeishi pale. Shoti zake hazifiki nusu ya hizi. Mwinuko wetu unapunguza hewa kwa sehemu moja ya kumi hivi, hautoshi kueleza tofauti anayosema mleta uzi.

#10 Kilimani_Juu
Sijasema ni sababu pekee. Nimesema mnaisahau.

#11 Stimu_Kali
Jibu ni fupi. Hewa ya Dar ina unyevu, na hewa yenye unyevu inapitisha umeme, basi chaji inavujia hewani. Hewa ya Dodoma kavu, haipitishi. Tufunge uzi.

#12 Mwamba_Mgumu
Usiufunge bado @Stimu_Kali. Hewa yenye mvuke wa maji haipitishi umeme zaidi ya hewa kavu kwa kiasi cha maana. Kinachobadilika ni uso wa vitu. Unyevu ukiwa mwingi, utando mwembamba sana wa maji unajibandika juu ya nguo, kiti, soli ya kiatu, sakafu, hata ngozi. Maji hayo yana chumvichumvi, na chaji inatembea juu ya utando huo mpaka inaishia ardhini. Unyevu wa hewa ukishuka chini ya asilimia 40 hivi, utando unakuwa hautoshi, na plastiki inabaki na chaji yake kwa muda mrefu. Ndiyo maana sakafu ya saruji ukiimwagia maji shoti zinapungua saa hiyohiyo, ingawa hewa ya chumba haijabadilika sana.

#13 Mama_Zabibu
Nashukuru kwa elimu. Mimi nauza nguo Majengo na niwaambie la sokoni. Kiangazi sketi za polista zinang'ang'ania miguu ya wateja mpaka wanazirudisha. Ndani ukivaa pamba, hakuna shida. Mtu akivaa sweta la sufu juu ya shati la nailoni, akilivua jioni lazima asikie mlio. Na jipakeni mafuta! Ngozi kavu ya kiangazi cha huku inapauka na inashika shoti. Nikipaka glisarini mikononi asubuhi, geti la duka linanisahau mpaka mchana.

#14 MhamiajiDom
@Mama_Zabibu shukrani. Kesho napita Majengo kutafuta mashati ya pamba.

#15 Fundi_Ethi
Nimesoma yote na kuna jambo linaniogopesha. Watu wakishaambiwa "ni umemetuli tu, hauui" watabeba hilo neno mpaka bafuni. Naomba mnisikilize.

Umemetuli unakupiga MARA MOJA. Ta, basi. Ukigusa tena sekunde hiyohiyo hausikii kitu mpaka utembee au ukae tena. Ukigusa bomba la maji, koki, jokofu au ukuta wenye unyevu ukasikia mtetemo unaoendelea kadiri unavyoshika, huo ni umeme wa nyumba, volti 230, unavuja. Huo unaua. Hausubiri kiangazi.

Na kwa Dodoma kuna la ziada. Udongo wetu ukikauka unakuwa kihami, yaani haupitishi umeme. Fito ya ethi, ile ya chuma inayochimbiwa ili umeme uliovuja ushukie ardhini, ikipigwa masika wakati ardhi imelowa, ukiipima Septemba unakuta upinzani wake kwa umeme umepanda vibaya sana. Heater ya kuogea ikiharibika siku hiyo, umeme hauna njia nzuri ya kushukia, unakungoja wewe uliyesimama na maji miguuni. Nimepima nyumba za mjini ambazo fito ilikuwa fupi, haijafika hata kwenye udongo wenye ubichi, na mwenye nyumba anasema "shoti ni kawaida ya Dodoma hizi". Fito ishuke chini hadi ubichi, shimo lishindiliwe mkaa na chumvi, limwagiliwe maji kiangazi, na muweke kifaa cha kukata umeme ukivuja kufikia miliampia 30. Gharama yake haifiki bei ya jokofu.

#16 Nzuguni_Kwetu
Mods, hii #15 ibandikwe juu tafadhali.

#17 Kijana_wa_UDOM
Swali kwa wakuu. Umemetuli unasemwa una maelfu ya volti na hauui, umeme wa nyumba volti 230 na unaua. Inakuwaje?

#18 Ticha_Kongwa
@Kijana_wa_UDOM angalia kiasi cha chaji. Mwili wa mtu unaweka chaji kidogo sana: uwezo wake wa kuhifadhi chaji ni kama pikofaradi 100 tu, kipimo kidogo mno. Ukiwa na volti 10,000 mwilini, umebeba chaji ya kama mikrokulombi 1, sawa na elektroni trilioni 6 hivi. Inaonekana nyingi, lakini inamalizika yote kwa muda usiofika sehemu moja ya milioni ya sekunde. Nishati yake ni milijuli 5, yaani sehemu tano za elfu za juli moja. Umeme wa ukutani una volti chache lakini nyuma yake kuna mtambo unaoendelea kusukuma chaji bila kuchoka. Chini ya volti 2,000 hivi kidole chako hakisikii kabisa cheche ya umemetuli. Kwa hiyo hiyo "ta" unayoisikia tayari ni maelfu.

#19 Dereva_Tenki
Milijuli 5 hizo ticha umezitaja kirahisi. Mvuke wa petroli unawashwa na robo ya milijuli. Piga hesabu.

Mimi nabeba mafuta. Kituoni, kabla ya kufungua kifuniko chochote, tunaunga waya kutoka kwenye tenki kwenda kwenye ethi ya kituo ili chuma chote kiwe na hali moja. Mafuta yenyewe yakipita kwenye bomba yanajichaji. Ukimaliza kupakia unasubiri kwanza ndipo uingize fito ya kupimia. Kiangazi siruhusu mtu wa jaketi la nailoni apande juu ya tenki.

Ninachoomba wenye bodaboda: kidumu cha plastiki msikijaze kikiwa juu ya kiti. Kiti ni sponji na rexini, kidumu ni plastiki, chaji haina pa kushukia. Kiwekwe CHINI, mdomo wa pampu uguse mdomo wa kidumu muda wote. Na wewe wa gari binafsi, ukishashuka wakati wa kujaza usirudi kukaa kitini kisha ukashuka tena kushika pampu.

#20 Stimu_Kali
Kinacholipua vituo ni simu. Kila kituo kina bango la kukataza simu.

#21 Dereva_Tenki
Bango liheshimiwe, mimi yangu naizima. Lakini Marekani waliokusanya taarifa za moto vituoni walikuta nyingi ni za watu waliorudi kukaa garini kisha wakashika pampu. Ushahidi wa simu kuwasha moto hawakuupata.

#22 Mtoto_wa_Pwani
Na ule mnyororo unaoburuzwa nyuma ya magari ya mafuta?

#23 Dereva_Tenki
Ukiwa unagusa lami kavu unasaidia kidogo sana. Waya wa kituoni ndio wa kutegemea.

#24 Kilimani_Juu
Turudi kwa mleta uzi. Ticha anasema chaji inatoka kwenye kiti. Mimi nasema gari lenyewe linajichaji kwa upepo na vumbi barabarani. Nilimsimamisha jirani yangu nje, hajaingia garini siku hiyo. Nilipofika kutoka Kibaigwa alishika bodi ya gari, akapigwa. Yeye hakukaa kwenye kiti chochote.

#25 Nzuguni_Kwetu
Alikuwa amevaa nini miguuni? Kandambili kwenye vumbi nazo zinajichaji. Mimi nimejaribu hivi: nikishuka nimeshika fremu ya chuma ya mlango tangu nikiwa nimekaa mpaka mguu ufike chini, sipigwi kamwe. Nikisahau, napigwa. Gari ni lile lile, safari ile ile. Hapo ni kiti.

#26 Fundi_Ethi
Inategemea tairi pia. Tairi nyeusi za zamani zimejaa masizi ya kaboni, zinapitisha chaji ya kutosha kushuka ardhini. Za siku hizi nyingi zimewekewa silika, madini ya jamii ya mchanga, ili gari litumie mafuta kidogo, na silika haipitishi. Kwa hiyo wote mnaweza kuwa sahihi, kila mtu kwa tairi zake.

#27 Kilimani_Juu
Tairi zangu mpya. Nashikilia nilichosema.

#28 Kijana_wa_UDOM
Ticha, nina jingine. Kikaratasi hakina chaji. Kwa nini kalamu inakivuta? Na mbona baada ya kunata kidogo kinaruka mbali?

#29 Ticha_Kongwa
Swali zuri sana, na wanafunzi wengi hulikosa kwenye mtihani. Kalamu yenye chaji hasi ikikaribia, chaji ndani ya kikaratasi zinajipanga upya: chanya zinasogea upande wa kalamu, hasi zinasogea mbali. Jumla bado ni sifuri, lakini chanya ziko karibu zaidi, na Coulomb anatuambia aliye karibu ana nguvu zaidi. Mvuto unashinda. Kikishagusa, kinapokea chaji hasi kutoka kwenye kalamu, na vyote viwili vikiwa hasi vinasukumana. Ndipo kinaruka.

Jaribu pia kupeleka kalamu hiyo karibu na maji ya bomba yanayotiririka kidogokidogo. Mkondo unapinda. Kiangazi hiki msiache kuwaonyesha watoto.

#30 Stimu_Kali
Na yote haya tunamshukuru Benjamin Franklin aliyegundua umeme na tiara yake mwaka 1752.

#31 Mwamba_Mgumu
Franklin anastahili heshima kwa radi na kwa majina ya chanya na hasi. Lakini Wayunani wa kale walishajua kwamba kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka kama jiwe, ikisuguliwa inavuta vitu vyepesi. William Gilbert wa Uingereza aliandika juu yake mwaka 1600, Stephen Gray akatenganisha vipitishi na vihami mwaka 1729, na Mfaransa du Fay akaonyesha mwaka 1733 kwamba chaji ziko za aina mbili. Elektroni yenyewe imejulikana 1897 kwa J. J. Thomson. Franklin alipochagua upande wa kuuita chanya, hakuna aliyekuwa anajua kwamba kinachosafiri kwenye waya ni hasi.

#32 Mzee_wa_Mvumi
Vijana, nawasoma kwa furaha. Sisi tuliochunga ng'ombe tunajua kisulisuli. Mwezi wa tisa kinasimama katikati ya mbuga na vumbi jekundu mpaka juu, kikikupitia malaika, vile vinyweleo, yanasimama mkononi. Wazee walisema kina mwenyewe. Radi nayo walisema hutumwa. Nyinyi mnasemaje?

#33 Mwamba_Mgumu
Shikamoo mzee. Malaika kusimama ni kweli kabisa, na vyombo vimepima: ndani ya kisulisuli kuna maelfu ya volti kwa kila mita. Chembe za vumbi zinagongana, ndogo kwa kawaida zinabaki na chaji hasi na upepo unazipandisha juu, kubwa zinabaki chini na chanya. Chaji zimetenganishwa kwa kimo, kama kwenye wingu. Ndiyo maana @BahiYetu anaona kwake ni kali: uwanda wazi, vumbi na upepo.

#34 BahiYetu
Sasa hapo umejibu.

#35 Ticha_Kongwa
Shikamoo mzee wetu. Kwenye wingu la mvua ni vipande vya barafu vinavyogongana. Sehemu ya chini ya wingu hujaa hasi, ardhi chini yake inavutwa kuwa chanya, na hewa ikishindwa kustahimili, radi inapita ikiwa na joto la kama nyuzi 30,000. Kuhusu nani ameituma sitabishana na mzee. Nitasema tu inapenda kilicho kirefu, kwa hiyo mchungaji asijikinge chini ya mbuyu uliosimama peke yake.

#36 Mzee_wa_Mvumi
Marahaba. Lakini mbona inaua ng'ombe kumi na mchungaji aliyesimama katikati yao anapona? Hapo ndipo wazee waliona kuna mkono wa mtu.

#37 Fundi_Ethi
Marahaba yako naipokea na mimi mzee, shikamoo. Radi ikipiga mti, umeme unasambaa ardhini na volti zinapungua kadiri unavyokwenda mbali. Ng'ombe miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana kama mita moja na nusu, basi kati ya miguu hiyo kuna tofauti kubwa ya volti, na njia yake inapita kifuani kwenye moyo. Mtu aliyesimama miguu pamoja, tofauti ni ndogo na njia haipiti moyoni. Mkikutwa mbugani, chuchumaeni miguu imeungana. Msilale chini. Ndani ya gari la bati mko salama kwa sababu ya bodi ya chuma inayowazunguka, jambo ambalo Faraday alilionyesha mwaka 1836. Si kwa sababu ya tairi. Bajaji ya turubai haihesabiki.

#38 Mzee_wa_Mvumi
Hilo la miguu nimelipokea. Lile jingine naliacha lilivyo.

#39 Kijana_wa_UDOM
@Mwamba_Mgumu kuna kitu hakijakaa sawa. Ticha alisema #4 lazima vitu viwe TOFAUTI ndipo chaji ihame. Vumbi na vumbi ni kitu kimoja. Barafu na barafu ni kitu kimoja. Nani anampa nani, na kwa nini?

#40 Mwamba_Mgumu
Umeshika palepale ambapo wanasayansi wenyewe hawajaelewana. Kwa metali mbili tunajua vizuri: elektroni zinahama kutoka kwa aliyezishika kilegevu. Kwa vihami, kama plastiki, mchanga na nywele, kuna kambi tatu. Wapo wanaosema ni elektroni. Wapo wanaosema ni ioni kwenye ule utando wa maji wa #12. Wapo wanaosema vipande vidogo sana vya kitu chenyewe vinamenyeka na kuondoka na chaji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha uso wa plastiki iliyosuguliwa una madoa ya chanya na hasi yamechanganyikana, si upande mmoja mtupu. Mwaka 2019 wengine wakaja na hoja ya kupinda: vinundu vidogo vya uso vikibonyezwa vinatoa volti. Mimi naegemea ioni.

#41 Fundi_Ethi
Ioni za kwenye maji? Basi Dar kwenye maji mengi ndiko kungekuwa na shoti. Mimi niko na elektroni.

#42 Mwamba_Mgumu
Maji kidogo yanahamisha chaji, maji mengi yanairudisha. Hakuna mgongano hapo.

#43 Fundi_Ethi
Na panapokuwa hakuna maji kabisa? Kwenye ombwe, pasipo hata hewa, vitu bado vinajichaji.

#44 Ticha_Kongwa
Jumatatu nitalipeleka hili darasani. Puto mbili za pakiti moja, zisuguane zenyewe kwa zenyewe, tuone kama zinapata chaji na ipi inakuwa hasi. Tuna elektroskopu, kifaa cha kuonyesha chaji, ya chupa ya jamu na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, inafanya kazi vizuri msimu huu.

#45 Mwamba_Mgumu
Ticha, moja isugue sehemu ndogo ileile wakati nyingine inaburuzwa eneo kubwa, kisha mbadilishane. Hapo ndipo tofauti hujitokeza hata kwa vitu vya aina moja. Zifunge kwa uzi wa nailoni, watoto wasizishike kwa viganja vyenye jasho. Na ziwe za rangi moja, maana rangi nayo ni kemikali, Fundi asije akapata pa kutokea.

#46 Fundi_Ethi
Rangi moja, sawa. Na zifutwe vumbi kwanza.